Bodi za Kijivu na Chumba cha Mtoto

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati wake, na alizaliwa Julai, mwezi ambao jua la Nairobi hutokea mchana kama mgeni asiyetaka kukaa. Walimweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, katika wodi ya watoto wachanga. Kila siku nilikwenda kumkamulia maziwa, nikamtoa humo kidogo, nikamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kisha nikamrudisha. Siku ambazo mizani ilionyesha ameongezeka, mume wangu alinunua magazeti na kuyasoma kwa sauti. Siku ambazo amepungua, tulirudi nyumbani kimya.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta namfunika mtoto akaniuliza, "Nyumba yenu ina dari?"

Nikamwambia hapana, ni mabati tu.

"Mabati matupu?"

"Ndiyo, sista."

Akamgusa mtoto nyayo kwa kidole. "Huyu hana mafuta mwilini. Akipigwa na baridi ataacha kunyonya. Akiacha kunyonya, mtamrudisha hapa, kama mtawahi. Kashughulikieni chumba kabla sijamwandikia ruhusa."

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Satellite, nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu, ndani ya ploti yake. Aliijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, mwanawe alipotangaza kwamba anataka kuoa. Vyumba viwili na jikoni. Kuta zilikuwa imara, lakini ukilala chali uliona mabati na misumari yake. Asubuhi za Julai mabati yalitoka jasho upande wa ndani, na matone yakadondoka kwenye blanketi. Tulikuwa tumezoea. Tulisogeza kitanda, matone yakahamia pengine, tukasogeza tena. Nilipotoka hospitalini jioni ile nilisimama katikati ya chumba, nikayaona matone hayo kama mtu anayeyaona mara ya kwanza.

Baba mkwe alipoelezwa alifurahi, ndiyo kweli. Alikuwa amestaafu kitambo, na tangu mkewe afariki alikuwa na siku ndefu na kazi chache. Alituongoza hadi kwenye banda lake, akaondoa magunia, akatuonyesha bodi za kijivu zilizopangwa vizuri, kubwa kubwa, nzito.

"Nilijua zitapata siku yake," alisema. Mimi natoka Taita na wao ni Wakikuyu, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na cha kwake kilikuwa cha kunyooka, cha mtu aliyefanya kazi na watu wa kila aina. "Zilikuwa dari ya zile kota za wafanyakazi tulizokaa. Walipobomoa, nikaomba hizi. Haziungui, haziozi, mchwa hawazili. Baridi haipiti hapa."

Mume wangu alizigonga kwa vidole, akasema ni zawadi ya Mungu. Sisi wote watatu tuliingia chumbani kupima. Mzee alishika futi kamba upande mmoja, mimi upande wa pili, mume wangu akawa anaandika nyuma ya bahasha. Tukabishana kidogo kama dari ifuate mteremko wa paa au ilazwe bapa. Mzee akasema bapa, maana mteremko unakula bodi nyingi, na joto litapanda likae bure juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa jioni nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, nilikula nikamaliza sahani.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wachoraji wa majengo, Kilimani. Nilikuwa likizo ya uzazi, lakini kesho yake nilipotoka wodini nilipita huko, nikiwa na ile bahasha kwenye pochi. Nilitaka mtu anihakikishie hesabu, nijue zile bodi zinatosha au tutafute nyingine. Mmoja wa wachoraji, kijana mtulivu aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi kwa kuulizia mama yangu, aliuchukua mchoro wetu na kuanza kupiga hesabu.

"Bodi zenyewe ni za aina gani?"

"Sijui jina. Ni za kijivu. Nzito."

"Ukitazama pale zimevunjika, ndani zikoje?"

Nikakumbuka pembe moja niliyoishika. "Kama zina nyuzi. Nyuzi ndogo ndogo nyeupe."

Akaweka kalamu chini. "Mmeshazikata?"

"Bado."

"Msizikate." Akasogeza kiti karibu na kusema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie. "Hiyo huenda ikawa asbestosi. Ikitulia pale juu, haijaguswa, ni jambo moja. Ukiipiga msumeno inatoa vumbi, na hilo vumbi likiingia kwenye mapafu halitoki. Linakaa huko miaka. Mtoto mchanga, tena mtoto wa kuzaliwa na uzito ule? Hapana."

Miaka hiyo watu walikuwa wameanza tu kuyazungumza mambo hayo. Mimi nilikuwa nimechapa neno hilo kwenye barua za ofisi bila kujua ni kitu gani. Akanieleza kinachoweza kutumika badala yake: pamba ya kioo, ile ya manjano inayouzwa kwa marobota, ilazwe juu ya dari ya kawaida. Akachukua upana na urefu wa chumba, akazidisha, akaongeza kidogo kwa ajili ya kupishana na kukatika. "Muhimu ni unene," alisema. "Pamba inafanya kazi kwa hewa iliyomo ndani yake. Ukiikandamiza ili itoshe, umeiua. Na kule pembeni paa linapokutana na ukuta, acha njia ya hewa, la sivyo yale matone yenu yatanyeshea pamba na itaoza."

Nilimpigia mume wangu simu kazini kwake mjini. Ile sauti ya mwanamke ikaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena nje ya geti, na tena nilipovuka barabara. Sikumpata. Nilikuwa nikijiambia kwamba hakuna haraka, mzee alisema ataanza Jumamosi. Lakini nilimfahamu. Mtu aliyengoja miaka yote hiyo kuzitumia bodi zake hangengoja Jumamosi.

Niliusikia msumeno kabla sijafungua geti.

Alikuwa ameweka bodi juu ya viti viwili pale uani. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa, na nywele za mikono yake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Bodi moja ilikuwa imekatwa tayari na kuegemezwa ukutani. Na juu yake kidogo, kwenye kamba, zilining'inia nguo za mtoto: vishali viwili, kofia, na soksi nilizozifua mwenyewe asubuhi.

Niliweka pochi chini. "Baba, naomba usimame kidogo."

"Namalizia huu mstari."

"Baba, tafadhali."

Msumeno uliendelea. Kwa mila za kwao na za kwetu pia, mke wa mwana hamkatizi baba mkwe kazi, wala hamgusi. Nikaenda nikaweka kiganja changu juu ya bodi, mbele ya msumeno. Akauzuia ghafla, karibu sana.

"Unataka kukatwa?"

"Hapana, Baba. Hizi bodi zina sumu. Vumbi lake. Nimeambiwa na mtu anayejua."

"Mtu gani?"

"Mchoraji wa kule ofisini."

Akaegemea msumeno. Hakupandisha sauti, na ningeona afadhali angepandisha. "Nimelala chini ya hizi bodi tangu nikiwa kijana. Watoto wangu wote wamelala chini yake. Huyo mumeo amezaliwa chini yake. Sasa mtu amesoma karatasi anakuja kuniambia zina sumu. Niambie. Nani alikufa?"

Sikumjibu. Sikuwa na nia ya kujibu. Lakini swali lile lilitua pale uani katikati yetu, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu wote wawili tulijua nani alikufa. Mama mkwe wangu sikuwahi kumwona akiwa mzima. Nilipoletwa kutambulishwa alikuwa amekaa na mito mgongoni, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na madaktari walikuwa wamempa majina tofauti tofauti ya ugonjwa wa kifua kabla hajatuacha.

Baba mkwe aliulaza msumeno juu ya bodi taratibu. Akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Nilianua nguo za mtoto, nikaziloweka upya, nikanawa mikono mpaka vidole vikaniuma kwa baridi ya maji.

Mume wangu aliporudi alimkuta baba yake amekataa chai. Alikaa naye kitambo, akaja chumbani akiwa mwekundu wa macho.

"Umemwambia nini Baba?"

"Nimemwambia asikate zile bodi."

"Anasema umemwambia alimuua Mama."

"Sikusema hivyo. Sikusema neno."

"Basi kwa nini yuko vile?"

Nikamweleza yote, tangu Kilimani mpaka uani. Alinisikiliza huku ameinamia kiatu chake, hakufungua kamba. Mwishowe akasema, "Hakuna anayejua kilichomuua Mama."

"Hakuna. Nami sijasema."

"Unataka nifanye nini?"

"Nataka tuloweshe vitambaa tufute pale uani. Usifagie, ukifagia unalirusha. Tuzifunge bodi kwa nailoni. Halafu kesho twende madukani Ngara tutafute kitu kingine."

Tulifanya hivyo bila kuangaliana, tumejifunga leso puani, tukimwagia bodi maji kabla ya kuzigusa. Pazia la dirisha la mzee lilicheza mara moja. Hakutoka.

Ngara tulizunguka maduka kadhaa. Mume wangu alivutiwa na zile bodi nyeupe nyepesi, za mapovu, kama zile zinazofungiwa televisheni mpya. Ungeweza kubeba za chumba kizima kichwani, na hazikuhitaji kuinuliwa na watu wawili. Alikuwa ameshika moja anaipindapinda. Nikamwona anavyotamani jambo hili liishe, tuchukue hizo, twende. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kilemba, aliyezaliwa mtaa huohuo, na alitusikiliza tukibishana huku akihudumia wengine.

"Ni chumba cha nini?" alituuliza.

"Cha mtoto. Amezaliwa mapema," nilisema.

"Joto mnapata wapi? Hita?"

"Jiko la makaa."

"Ndani?"

"Tunaliwasha nje, likishika tunaingiza."

Alichana kipande cha bodi ile, akatoka nacho hadi ukingo wa barabara, akakiwasha kwa kiberiti. Kilishika mara moja. Moshi mweusi ulijikunja, na yale mapovu yakayeyuka yakawa matone yanayowaka, yakadondoka chini yakiendelea kuwaka. Alikikanyaga.

"Mimi nauza," alisema. "Kwa stoo ya baridi, kwa watu wa maua, nauza. Kwa hicho chumba siwauzii. Na jiko msiingize tena. Mkishaziba baridi, mmeziba na hewa. Moshi wa makaa hamtausikia hata harufu."

Mume wangu aliendelea kuitazama ile alama nyeusi barabarani. Nilijua anaona kitu gani, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona.

Tukaulizia pamba ya kioo. Niliuliza na vumbi lake, maana sikuwa tayari kuondoa balaa moja na kuleta jingine. Akasema inawasha, tuvae glavu na kufunika pua, na ikishalazwa ifungiwe kabisa na dari chini yake, kila kiungo kizibwe kwa ukanda, isidondoshe unyuzi hata mmoja. Hapo ndipo tulipokwama. Tulichoweza kununua kilitosha vyumba vyote viwili ikiwa tungechukua ile nyembamba, au chumba kimoja tu ikiwa tungechukua nene.

"Vyote viwili," mume wangu alisema. "Hatuwezi kumfungia mtoto chumba kimoja."

"Nyembamba haitazuia kitu. Tutakuwa na vyumba viwili vya baridi kidogo."

"Na tukikosea?"

"Basi tumekosea chumba kimoja."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Tukachukua nene, pamoja na mbao za kawaida za dari. Simu yangu ililia tukiwa bado tunafunga mzigo. Ilitoka wodini. Muuguzi alisema mtoto amefikisha uzito, kitanda kinahitajika, na daktari anamwandikia ruhusa kesho mchana. "Chumba kiko tayari?" aliuliza. Nikamjibu kitakuwa tayari. Mume wangu alisikia jibu langu akafumba macho.

Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa kazini. Alianza kazi mapema, peke yake, kwa ngazi ya kuazima. Alikuwa mtu wa ofisi ya bima. Nyumba aliijua kwa kuishi ndani yake tu. Alipigilia mbao za kushikilia dari kwa kufuata hesabu yetu ya ile bahasha, lakini hesabu ile ilikuwa ya bodi za baba yake. Marobota ya pamba yalikuwa na upana mwingine. Alipolaza la kwanza lilibaki na mwanya kila upande, mwanya wa kupitisha mkono, na la pili likawa hivyo hivyo. Akaanza kuvuta na kubana. Jasho lilimtoka, akajikuna shingo, ngozi ikawa nyekundu. Saa za kwenda hospitalini zilikuwa zinakaribia. Nilikuwa namshikia ngazi nikiona dari inavyokwenda mrama, na sikuweza kusema lolote, kwa sababu neno moja tu lingetuangusha wote.

Mlango ukafunguliwa. Baba mkwe alisimama kizingitini, amefunga leso usoni, glavu za bustani mikononi. Hakumwangalia mwanawe. Aliniangalia mimi.

"Huyo mtu wa ofisini kwako," alisema, "alisema njia ya hewa iachwe wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu pale uani.

"Pembeni, Baba. Paa linapokutana na ukuta. Na isikandamizwe."

"Wapi hasa? Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasogea, akatazama zile mbao, akapima upana wa robota kwa shibiri zake. "Shuka," alimwambia mwanawe. "Hizi mbao zihame. Tusogeze moja moja, tuanzie dirishani."

Waliziondoa na kuzipanga upya, pamba ikakaa bila kuvutwa. Baba mkwe aliitandaza kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda, akiipiga kidogo iinuke, akaacha njia ya hewa pale nilipomwonyesha. Mimi nilikata ukanda wa kuzibia viungo. Hatukuongea ila maneno ya kazi: nipe, shika, inua, ngoja. Walipopigilia ubao wa mwisho wa dari, nilipangusa kila kitu kwa kitambaa kibichi, sakafu na kuta na fremu za madirisha, halafu nikapangusa tena. Nilioga, nikabadili nguo, nikaondoka na mume wangu kwenda kumchukua mtoto.

Siku za mwanzo sikulala vizuri. Tuliazima hita ya umeme kwa dada wa mume wangu, na yule mchoraji akaniazima kipimajoto cha ukutani. Nilikuwa nikikitazama kuliko nilivyomtazama mtoto. Hakikushuka kama nilivyohofu. Asubuhi ya kwanza niliinua uso nikitafuta matone, nikaona dari nyeupe, kavu. Binti yangu alinyonya mpaka akashiba, akalala mdomo wazi. Ndipo nilipolia, peke yangu, bila kelele.

Baba mkwe hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Zile bodi zilibaki zimefungwa nyuma ya banda mpaka mume wangu alipopata watu wenye kibali cha kuzichukua, na siku zilipopakiwa mzee alikaa ndani. Lakini kabla ya hapo, mwezi mmoja au zaidi kidogo tangu mtoto arudi, alikwenda mwenyewe kupigwa picha ya kifua. Alirudi na ile bahasha kubwa ya kahawia, akanikuta namwanika mtoto juani.

"Wamesema kuna makovu," alisema. "Wameuliza nilifanya kazi gani. Wamesema nirudi kila mwaka waangalie."

"Na kupumua?"

"Napumua." Akakaa kwenye kiti, akamtazama mjukuu. Baadaye akasema, "Mama yao alikuwa anafagia ile nyumba kila siku. Dari ilikuwa imepasuka pale juu ya meza. Kila siku anafagia vumbi jeupe, anasema hii nyumba inatoa unga."

Nilikaa chini karibu naye.

"Wangeniambia," alisema. "Mtu yeyote angeniambia tu."

Nikamwambia hakuna aliyekuwa anajua, na kama walikuwapo wanaojua, hawakuja kota za wafanyakazi kuwaeleza. Aliomba apewe mtoto, nikampa, akamshika kifuani upande wa kushoto, bahasha ikiwa chini ya kiti.

Mwaka uliofuata, kabla ya baridi, tulikifanya na kile chumba cha pili. Safari hii mzee alipima yeye, na kwanza alikwenda Ngara kuuliza upana wa robota. Yeye na mwanawe walibishana asubuhi nzima juu ya unene. Mimi niliwapikia, nikawaacha wabishane.